Jina la mji limetoka wapi? Namna ya kulifuatilia bila kurithi makosa ya jirani

Mimi si mwanahistoria. Nina meza mbili, kompyuta mbili na mashine ya fotokopi inayokohoa, pembeni ya barabara inayopanda Kadutu, hapa Bukavu, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Kivu. Wanafunzi wananiita Mama Sezi, yaani wa saisie, kupiga chapa kwa Kifaransa, kwa sababu kazi yangu ni kuwapigia TFC na memwari zao, zile kazi za kumalizia chuo: wanakuja na makaratasi ya mkono yaliyokunjamana, wanaondoka na kitabu chenye jalada la plastiki. Huu ni mwaka wa kumi na tisa.

Kazi iwe ya uuguzi, ya sheria au ya biashara ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, sura ya kwanza haikosi "Historia fupi ya mji wa Bukavu". Na ndani yake haikosi sentensi hii: kituo kilianzishwa na Wabelgiji mwaka 1901, baadaye kikaitwa Costermansville, na jina Bukavu limetokana na neno la Mashi, lugha ya wenyeji, "Bunkafu", mahali pa ng'ombe. Vidole vyangu vinaijua kama mdomo unavyojua Baba Yetu. Sentensi yenyewe haina ubaya. Ila muulize mwenye TFC ameitoa wapi, atakuambia ameitoa kwenye TFC ya kaka yake. Na kaka je? Kwenye ya rafiki yake.

Hilo ninalijua kwa sababu ya kosa langu mwenyewe. Jioni moja umeme ukienda na kurudi, nilipiga 1972 mahali pa 1927, mwaka ambao mji ulipewa jina la Costermansville. Mwanafunzi hakuona, waliomsimamia hawakuona, akatetea, akapata alama zake. Mwaka uliofuata kijana wa kitivo kingine kabisa akaniletea karatasi za mkono: "Costermansville, 1972." Nikanyamaza kwa aibu, nikasahihisha kimyakimya. Tangu hapo nimekutana na mtoto wangu huyo haramu mara sita. 1972! Mwaka mmoja kabla yake nchi ilikuwa imeshaitwa Zaire, na mwaka huo wenyewe Mobutu alikuwa anawavua watu majina ya Kizungu. Nani angeupa mji jina la afisa wa Kibelgiji wakati huo? Hakuna aliyejiuliza, maana ilikuwa imechapishwa, na kilichochapishwa kina sura ya ukweli.

Kwa hiyo haya ninayoyaandika ni kulipa deni. Ni ya mtu yeyote anayetaka kujua jina la mji wake limetoka wapi, hasa mji wa ufukweni, uwe wa bahari au wa ziwa kama wetu. Miji ya ufukweni ina tabu yake: kila anayeshuka chomboni analisikia jina kwa sikio lake na kuliandika kwa kalamu yake.

Uliza kwanza ni neno la lugha gani

Sisi wa Kiswahili tuna kasoro moja: tukisikia jina tunadhani ni letu. Kila mwaka napata mtu anayeandika kwamba Bukavu ni "ukavu", mahali pakavu. Ndugu yangu, hapa mvua inaanza Septemba na kutuachia Mei, barabara zinageuka uji, na ziwa liko chini ya dirisha. Ukavu gani huo? Neno limefanana tu, kama watu wawili wasio ndugu wanavyofanana.

Goma, mji wa kaskazini mwa ziwa letu, nako ni hivyohivyo. Wapo wanaosema kwa mzaha kwamba ni mji wa watu wanaogoma. Wengi zaidi hulirudisha kwenye "ngoma", herufi ya kwanza ikiwa imeanguka kwenye kalamu ya Mzungu, na kweli Mlima Goma upo pale karibu na bandari, kilima kilichozaliwa na volkeno. Hata ukilikubali neno ngoma, bado hujamaliza kazi. Kwa Mswahili ngoma ni ya kucheza, ya harusi. Kwa Kinyarwanda ingoma ni ngoma na pia ni ufalme wenyewe, kwa kuwa katika falme za huku ngoma ndiyo iliyokuwa alama ya mwami, yaani mfalme. Ukiingia kwa mlango wa Kiswahili unaishia kwenye sherehe, ukiingia kwa mlango wa majirani unaishia barazani kwa mwami. Kabla ya kuandika "maana yake ni ngoma", sema ni ngoma ya nani.

Njia yangu ni rahisi. Orodhesha lugha zote zilizosemwa mahali hapo kabla ya mji kujengwa, uzipange kwa umri wa kufika. Kwa Bukavu, Mashi inatangulia, pamoja na lugha za majirani wa ng'ambo ya mto Ruzizi na wa visiwani. Kiswahili kimekuja baadaye, na misafara ya karne ya 19 kisha na kazi za wakoloni. Kifaransa na Kiflamanga ndio wageni wa mwisho. Jina lililokuwepo kabla ya mji halitakuwa na asili katika lugha iliyofika baada ya jina hilo.

Kata neno vipande

Hapa ndipo ninapopapenda zaidi, na mtu asiyejua chochote cha maktaba anaweza kuanza hapa leo usiku.

Chukua kichwa cha neno. Huku kwetu nchi na mahali vinaanza na bu: Bushi ni nchi ya Bashi, Buhavu ni ya Bahavu. Kiswahili badala ya bu kinasema u. Waliopita na misafara waliisikia Buganda wakaiita Uganda, wakaisikia Burundi wakaiita Urundi, na Wazungu waliowatumia kama wakalimani wakaandika walivyoambiwa. Ndiyo sababu hadi miaka ya ukoloni wa Ubelgiji ramani zilisema Ruanda-Urundi. Angalia sasa mwambao wa Tanganyika: Ujiji ni kwa Wajiji, Uvira ni kwa Wavira. U ile ni alama ya vidole vya Mswahili.

Halafu tazama Bukavu. Bu imebaki bu. Kwa maoni yangu, jina letu lilifika kwenye karatasi bila kupita mdomoni mwa mtu wa msafara, la sivyo leo tungekuwa tunaandika Ukavu, na yule kijana wa mahali pakavu angekuwa na sababu.

Kipande kingine cha kukiangalia ni nya. Nyalukemba, Nyamugo, Nyakaliba, Nyawera: hesabu mwenyewe ukiwa ndani ya teksi. Ukishaona kipande kinarudi hivyo, hutakubali tena hadithi inayokigawa vibaya, kama ile ya mtu aliyeniletea Nyalukemba akisema ni "nyara" za vita. Alikuwa amepasua neno katikati ya mfupa.

Fuatilia sikio la mgeni

Chora safu mbili. Kushoto andika mwaka, kulia andika jina kama lilivyoandikwa mwaka huo, herufi kwa herufi, usisahihishe chochote. Usiwe mwerevu hapo. Mimi kazi yangu ni kusahihisha, na ndiyo sababu ninajua kusahihisha kunavyofuta ushahidi.

Mabadiliko yanayojirudia utayazoea upesi. L na r zinabadilishana. Z nayo inakuwa s: mto mmoja, Kongo tunaandika Ruzizi, wenzetu wa Rwanda na Burundi wanaandika Rusizi. Kisiwa cha Ijwi kikiandikwa kwa Kifaransa kinapata d tumboni, Idjwi. Jirani yetu wa Rwanda, Cyangugu, kwenye karatasi za zamani ni Shangugu. Na n au m inayotangulia konsonanti nyingine ni nyepesi kupotea kwenye sikio la mgeni. Bunkafu ikipoteza n na f yake ikilegea kuwa v, unafika Bukavu bila kulazimisha. Hicho ni kipimo kizuri cha hadithi yoyote ya jina: je, safari kutoka neno la kwanza hadi la sasa ina hatua ambazo umeziona pia kwenye majina mengine? Kama hadithi inahitaji herufi tatu ziruke bila sababu, iache.

Tafuta karatasi zenye tarehe, hata za nyumbani

Watu wakisikia neno "nyaraka" wanafikiria Brussels. Fungua kwanza sanduku la bibi yako.

Kwenye sanduku la bibi yangu tulikuta bahasha moja. Babu alikuwa karani wa stoo, bibi amebaki Uvira na watoto. Juu ya stempu kuna mhuri wa posta wa mviringo, wino mweusi umekolea upande mmoja na kufifia upande wa pili, lakini unasomeka: COSTERMANSVILLE, 1948. Nikaichomoa barua. Babu ameandika kwa Kiswahili, kwa mwandiko ule wa shule ya mapadri uliolala kulia, na mstari wa kwanza unasema: "Mimi hapa Bukavu ni mzima, sijui nyinyi huko."

Nilikaa na bahasha ile kwa muda mrefu. Nje Costermansville, ndani Bukavu. Mtu mmoja, siku moja. TFC zote nilizopiga zinasema "mji uliitwa Costermansville", kana kwamba jina la zamani lilikufa likazikwa, halafu likafufuka. Babu yangu hakupata habari ya kifo hicho. Jina la posta lilikuwa la posta, jina la watu likabaki kwa watu.

Ndiyo maana usiishie kuuliza "mji uliitwaje?" Uliza uliitwaje na nani.

Kuhusu huyo Costermans mwenyewe, kwa kuwa wanafunzi wanapenda kumfanya mwanzilishi wa mji: Paul Costermans alikuwa Makamu Gavana Mkuu wakati wa Dola Huru ya Kongo, alihusika na mambo ya mpaka huku Kivu, akafariki 1905. Jina lake liliwekwa juu ya mji miaka 22 baada ya kifo chake. Na liliondolewa katika miaka ya 1950, Wabelgiji wenyewe wakiwa bado ofisini. Wengi wanadhani Mobutu ndiye aliyeturudishia Bukavu kama alivyofanya kwa Léopoldville, Stanleyville na Élisabethville, zilizokuwa Kinshasa, Kisangani na Lubumbashi mwaka 1966. Kwetu hakuikuta kazi hiyo, ilikuwa imeshafanyika.

Usipende hadithi kwa sababu ni tamu

Ili macho yazoee, jifunze kwa miji ya pwani yenyewe, ambako watu wamekuwa wakibishana juu ya majina kwa muda mrefu kuliko sisi. Chukua Bagamoyo. Wote wanakubali ni "bwaga moyo". Lakini mmoja atakuambia ni wapagazi waliofika kutoka bara, miezi ya mzigo begani imekwisha, wanatua roho zao na kupumzika. Mwingine atakuambia ni watumwa walioifikia bahari na kuuacha moyo hapo, maana ng'ambo hawatarudi. Maneno ni yaleyale mawili, huku moyo ni wa furaha, kule ni wa kukata tamaa. Sarufi haitakusaidia kuamua. Kitakachokusaidia ni kuuliza ni kina nani waliokuwa na nafasi ya kutaja jina likashika: aliyefungwa mnyororo na kupitishwa usiku mmoja, au aliyekwenda na kurudi kila msimu akiimba njiani? Mimi nina jibu langu. Wewe tafuta lako, ila usichague kwa machozi.

Dar es Salaam inafundisha jambo lingine. Kabla ya Sultani Majid wa Zanzibar kuanza kujenga pale katika miaka ya 1860 kulikuwa na kijiji, Mzizima. Jina la sultani likapanda juu, la wavuvi likabaki chini. Na jina jipya lenyewe halikusalimika na tafsiri: wengi wanasema "bandari ya salama", wakati dar kwa Kiarabu ni nyumba, makao. Bandari wameiongeza kwa kuwa bandari ipo na wanaiona. Mombasa nako wenyeji wana Mvita, wana Shehe Mvita na Mwana Mkisi katika simulizi za waanzilishi, na neno "vita" linanong'ona pembeni likitaka kuaminiwa. Ibn Battuta alipopita 1331 aliandika Manbasa, kwa sikio lake la Kiarabu. Kwa hiyo ukiona mji wako una jina moja tu, jua bado hujachimba.

Kwenda kwa mzee

Hapa ndipo wengi wanaharibu, nami niliharibu kabla yao, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mzee ninayemzungumzia anakaa Nkafu, mojawapo ya kartie, yaani mitaa, ya Kadutu. Ndiyo, Nkafu: neno lenyewe liko pale kwenye anwani za watu, na wanafunzi wanaopita hapo kila asubuhi wanakuja kuniuliza nkafu ni kitu gani. Nilikwenda na kilo mbili za sukari pamoja na binti mmoja wa historia aliyekuwa ameniletea kazi yake. Kabla hajakaa vizuri akafungua daftari: "Baba, ni kweli Bukavu maana yake ni mahali pa ng'ombe?"

Mzee akasema, "Ndiyo, mwanangu."

Binti akaandika. Dakika mbili, utafiti umekwisha. Mzee ana adabu: ukiingia nyumbani kwake na jibu lako mkononi, atakuachia uondoke nalo salama.

Nikamwambia binti afunge daftari. Tukanywa chai. Tukazungumza habari za magoti ya mzee, za mvua, za mjukuu wake aliyeko Goma. Hapo ndipo nikauliza: "Baba, ulipokuwa mtoto, mama yako akikutuma kule chini ziwani, alikuwa anakuambia nenda wapi?"

Akacheka, maana hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Akataja majina manne. Moja la chemchemi, moja la mti mkubwa, moja la mtu aliyekuwa na boma, moja la mteremko unaoangusha watu wakati wa mvua. Hakuna hata moja lililokuwa Bukavu.

"Na Bukavu, Baba?"

Akanyoosha mkono kuelekea chini. "Bukavu ni kule kwa Wazungu. Sisi tulishuka asubuhi kwa kazi, jioni tukapanda."

Kwa hiyo katika utoto wake jina lilikuwa la sehemu, na huku juu tulikokaa tukinywa chai hakukuwa Bukavu bado. Jina lilipanda mlima taratibu pamoja na nyumba. Sentensi ya TFC haina nafasi ya jambo kama hilo.

Nikamwomba alitamke neno la zamani polepole, simu yangu ikiwa inarekodi, naye akiwa amekubali. Akasema bu. Akasimama kidogo, sauti ikapita puani, ndipo ikaja kafu, f kavu yenye pumzi. "Bu-n-kafu. Usiimeze hiyo n, ndiyo ng'ombe mwenyewe." Binti akarudia, akaimeza. Mzee akamrudisha mara tatu kama mwalimu wa darasa la kwanza.

Mambo manne niliyojifunza kwa wazee wanne au watano, nayasema harakaharaka. Salamu ya Mashi kwanza, hata kama Mashi yako inaishia kwenye "asinge". Usiende na mtu anayefanya kazi ya kupima ardhi wala usitaje parsela, kwa sababu mtu anayeuliza majina ya zamani ya mahali anafanana sana na mtu anayetafuta kudai kiwanja, na mlango utafungwa. Usimhoji mzee mmoja mbele ya mwingine, mdogo atamfuata mkubwa. Na wamama msiwasahau: ndio waliotumwa maji, ndio wanaojua jina la kila chemchemi, lakini TFC zangu zimejaa "wazee wetu" wenye ndevu.

Pima kila simulizi kwa kitu chenye tarehe

Mzee akikosea, hakudanganyi. Kumbukumbu huvisogeza vitu karibukaribu. Kazi yako ni kutafuta ndani ya simulizi kitu kimoja ambacho umri wake unajulikana.

Mfano wangu ni sambaza. Kijana mmoja aliandika kwamba rasi fulani ilipata jina kwa wavuvi wa sambaza waliokuwa wakiegesha mitumbwi hapo "tangu enzi za mababu, kabla ya ujio wa Wazungu". Simulizi nzuri, na harufu ya samaki inasikika. Lakini sambaza si mzaliwa wa Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa makusudi, kwa kuwa ziwa letu lilikuwa na samaki wachache. Kwa hiyo ama jina ni la juzi, ama wavuvi walikuwa wa samaki mwingine. Kijana alikasirika, akasema bibi yake hawezi kusema uongo. Bibi hakusema uongo, alikuwa msichana miaka hiyo na kwake hizo ndizo enzi za mababu.

Vitu vingine vya kupimia ni mikaratusi, barabara ya lami, kanisa la matofali, jina la pesa iliyotajwa. Kwa watu wa Goma volkeno ni kalenda tayari: 1977, 2002, 2021. Mzee atakuambia "hiyo ilikuwa kabla moto haujashuka", nawe uulize moto upi.

Tembea kwa miguu, kisha panda chombo

Bukavu inasifiwa kuwa mkono wenye vidole vitano vilivyochovya ziwani, yaani zile rasi zetu: Nguba, Muhumba, Nyalukemba na nyinginezo. Hiyo sifa nzuri haikusemwa na mtu aliyesimama chini. Ukisimama Kadutu huoni mkono, unaona paa na maji vipandevipande. Vidole vinaonekana kwenye ramani au angani. Ndivyo ilivyo kwa Labotte, sehemu iliyoitwa kwa Kifaransa kiatu cha buti: ni jina la mtu aliyeinamia meza ya ramani na penseli sikioni.

Kwa hiyo kila jina ulilolikusanya, nenda mpaka pale, ujiulize aliyelitoa alikuwa amesimama wapi. Majina ya mtembea kwa miguu ni ya mteremko, ya maji, ya kivuli. Ya mchungaji ni ya malisho. Ya mtu wa mtumbwi yanataja jiwe na upepo, na mara nyingi mwenye nyumba juu ya jiwe hilohilo hayajui. Mlipe mvuvi saa moja ya asubuhi, akupitishe karibu na ufuko, umwache ataje mwenyewe bila kumuuliza maana. Vaa kitu cha joto. Mimi sikuvaa.

Maktaba, kwa kifupi

Hapa mjini kuna CERUKI, kituo cha utafiti cha ISP, chuo cha ualimu, ambacho kimechapisha mengi juu ya Kivu. Nje ya mji, Lwiro ina maktaba iliyoanzishwa na watafiti wa wakati wa Wabelgiji, inastahili nauli. Ramani na picha nyingi za zamani ziko Tervuren, Ubelgiji, na sehemu yake inaonekana kwa intaneti. Mapadri Weupe waliandika kitabu cha kila siku katika kila misheni, mvua, wagonjwa, wageni, na majina ya vilima kama walivyoyasikia. Hazina yao kuu iko Roma, lakini uliza kwanza parokia ya zamani iliyo karibu nawe.

Kuna ofisi moja sitaitaja ambako niliambiwa nirudi kesho mara tatu, na mara ya nne nikaambiwa ramani imeliwa na panya. Huenda ni kweli. Ushauri wangu: nenda na barua yenye mhuri wa shule, nenda asubuhi, na ukipewa kitu kipige picha papo hapo pamoja na kingo zake zote, kwa kuwa tarehe mara nyingi iko kwenye pembe inayokatwa.

Kuandika

Ukifika mezani kwangu, nitakusumbua kwa neno moja: "inasemekana". Inasemwa na nani? Kama ni mzee wa Nkafu, andika mzee wa Nkafu, aliyezaliwa karibu na mwaka fulani, ameambiwa na mama yake. Kama umeitoa kwenye TFC ya kaka yako, andika hivyo pia, hakuna aibu, ili siku kosa likigundulika tujue lilianzia mlango gani. Simulizi mbili zikigongana ziache zote mbili ukurasani, kisha useme wewe unaelemea wapi na kwa sababu gani.

Na nakala moja irudi kwa aliyekupa maneno. Yule binti na mimi tulimpelekea mzee kurasa zake kabla ya kufunga kitabu. Mjukuu akamsomea kwa sauti, yeye amefumba macho. Kwenye ukurasa wa pili akainua kidole. "Rudia hapo." Mjukuu akarudia. Mzee akaomba kalamu, akaivuta karatasi mpaka karibu na pua, na juu ya neno nililolipiga mimi mwenyewe, Bukafu, akachomeka n ndogo iliyotetemeka.

Nilizipiga upya kurasa zile mbili bila kumdai binti hata faranga moja.